Mbili na Mbili Bila Jibu: Katuni ya Zamani na Tiba ya Kifutio

Ipo hoja inayorudiwa sana: katuni ya kale yenye dharau inaponywa kwa kufutwa palipo na makosa, kisha watoto wa leo wanakabidhiwa ikiwa safi. Mfano unaopendwa ni Tintin au Congo. Makala hii inaikataa hoja hiyo, tena kutoka Lubudi, mji wa reli nchini Kongo, kwa sababu itakayoonekana punde. (Neno letu “katuni” halibagui mchoro wa kitabuni na ule unaotembea kwenye skrini, nami sitabagua.)

Historia ya kitabu haina ubishi. Hergé, mchoraji wake, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, alianza kukitoa kwa mfululizo mwaka 1930 katika jarida la watoto Le Petit Vingtième, Brussels. Albamu ikafuata 1931. Mwaka 1946 alikichora upya kwa rangi, na kurasa zaidi ya 100 zikapunguzwa hadi 62. Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki mwaka 2007; mahakama ya Brussels ikamkatalia 2012.

Ubishi uko kwenye ukurasa mmoja. Tintin anashika darasa katika shule ya misheni. Katika toleo la 1931 anawatangazia watoto kwamba atawaeleza habari za nchi yao, na nchi yenyewe ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Ubelgiji haipo tena. Somo limekuwa hesabu. Mbili kujumlisha mbili ni ngapi? Kimya. Anauliza tena. Kimya. Hatimaye chui anaingia darasani na swali linaishia hapo.

Wanaosifu marekebisho huona Ubelgiji iliyoondoka, wasione kimya kilichoingia. Watoto wa 1931 walidanganywa, na anayedanganywa hajapungukiwa akili. Watoto wa 1946 hawajui mbili na mbili. Kifutio kilimwondoa mkoloni, dharau yake ikabaki haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe huonekana kama maumbile ya hao wanaochorwa. Muulize swali hilo mtoto anayeuza karanga kituoni hapa: atasema “ine” hujafunga mdomo, na chenji ataihesabu mbele yako.

Na treni ya kitabuni? Gari la Tintin linagongana na garimoshi dogo kama la kuchezea, na kinachoanguka ni garimoshi. Abiria wanahimizwa kuliinua huku Milou, mbwa wa Tintin, akiwaita wavivu. Tukio hilo lilivuka salama hadi toleo la 1946. Ilhali reli ya Katanga, inayopita hapa Lubudi, ilifika Bukama 1918, na kufikia 1928 ilikuwa imeunganishwa hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo. Vyuma vile havikujilaza vyenyewe.

Nitajibiwa kwamba kitabu ni mtoto wa zama zake, na kwamba toleo la 2023 la mchapishaji Casterman lina dibaji ya Philippe Goddin, mtaalamu wa Hergé, inayoeleza zama hizo. Dibaji husomwa na mzazi, akiisoma. Mtoto huanzia kwenye picha. Wapo pia Wakongo wanaokicheka kitabu hiki bila kinyongo, wengine jamaa zangu, na sina haja ya kuwanyima kicheko chao.

Njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa na mtengenezaji wa filamu Mkongo, Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Katika Le Crapaud chez ses beaux-parents, ya 1991, alichukua ngano ya chura anayekwenda ukweni akaitengeneza filamu ya katuni. Huko nako ni kufanya upya cha kale, kikongwe kuliko Tintin, ila hapa hakuna aliyesubiri Brussels irekebishe mdomo wake.

Pengine naubebesha ukurasa mmoja mzigo mzito. Hata hivyo, kati ya matoleo hayo mawili naliona lililosafishwa kuwa baya zaidi, kwa kuwa halimwachii mtoto uongo wa kuukamata. Mwalimu atakayelazimika kuchagua achukue la 1931, asome somo lile la Ubelgiji kwa sauti, kisha anyamaze na kuwaachia watoto wamjibu Tintin.