Buku la Gereza: Namna ya Kufuata Jina la Ndugu Aliyefungwa

Wanachama wengi waliorudi kutoka Tanzania na Burundi wanatuletea ulizo moja: «Muzee wetu walimukamata, tangu siku ile hatujui. Alikufa ao anaishi? Karatasi yake iko wapi?» Ulizo hilo ni zito. Bila jibu, mama hajui kama ni mjane, matanga haijakaliwa, na watoto wanagombania parsele na baba wadogo, kila mtu na maneno yake. Tumeona heri tueleze historia ya hizo karatasi, maana kila utawala uliopita hapa kwetu ulifunga watu kwa namna yake. Ukijua ni nani alimufunga na kwa njia gani, utajua pa kutafuta.

Wakati wa Wabelgiji kulikuwa njia mbili. Ya kwanza ni hukumu. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa Oktoba 1921, mfalme akabadilisha ikawa kifungo cha maisha, naye akafa gerezani Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 hiyo iliacha karatasi, kwa sababu kulikuwa kesi. Njia ya pili ni kuhamishwa kwa nguvu. Amri ya 1910 iliruhusu wakubwa wa serikali kumuondoa mtu kwao bila kumpeleka mbele ya hakimu. Watu wengi wa Kimbangu na wa Kitawala waliondolewa hivyo. Hao usiwatafute katika kesi, hawakuwa nayo. Wako katika barua na ripoti za wasimamizi wa teritwari. Karatasi nyingi za namna hiyo zilipelekwa Bruxelles wakati uhuru wa 1960 ulipokaribia.

Kisha uhuru, magereza yalipewa kanuni kwa Amri nambari 344 ya 17 Septemba 1965. Kila gereza linapashwa kuwa na buku la kuandikia wanaoingia, na mkubwa wa gereza hana ruhusa ya kupokea mtu bila karatasi ya mwenye mamlaka. Ndiyo maana hata mtu wa Mulunge hakuandikwa pahali pamoja tu. Karatasi ya kwanza ya parke ina nguvu siku 5. Baadaye hakimu anaweza kuongeza siku 15, kisha mwezi, na kila mara anaandika. Buku la gereza likipotea, parke na tribinali zinaweza kuwa na sehemu yao. Basi usirudie kwenye mlango wa kwanza tu ukisema wamekataa.

Vita ndiyo inaharibu yote. Mei 1964, wakati wa Mulele, waasi waliingia Uvira. Oktoba 1996 ikawa AFDL. Siku za namna hiyo milango ya buloko inafunguka, mabuku yanachomwa ao yanatupwa, na wanaokamatwa wanafungiwa katika nyumba za watu na kambi za askari, pasipo karani. Kwa hao, mlango ni Msalaba Mwekundu. Wajumbe wa Komite ya Kimataifa, CICR, wanatembelea wafungwa na kuandika majina yao, na wanapokea maombi ya familia zinazotafuta watu. Hawatangazi majina hayo, familia yenyewe ndiyo inapashwa kuomba.

Kuna jambo lingine linalopoteza watu: jina. Karani aliandika alivyosikia, L ikawa R, B ikawa W. Tena mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Aliyekuwa Yohana kanisani anaweza kuwa na jina lingine kabisa katika buku la 1975. Mbele ya kutoka nyumbani, andikeni majina yote: la ukoo, la ubatizo, la utani, la baba, la mama, kijiji, na mwaka hata kama ni wa kukadiria.

Kwa anayekamatwa leo, msingoje historia. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, apate kuwasiliana na familia yake, na asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Andikeni siku, saa na pahali. Hiyo ni karatasi ya kwanza, na ni ninyi mnaoiandika.

Neno la mwisho. Wakisema «hatumuoni», ombeni jibu hilo kwa maandishi, na muhuri. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987 inaruhusu kwenda tribinali ili mtu asiyejulikana aliko atangazwe hivyo, na hakimu anataka kuona kwamba mlitafuta kweli. Hata «hapana» yenye muhuri inaweza kumusaidia mama kukalia matanga na watoto kugawana parsele bila vita. Leteni majina. Tunaanza kuyaandika katika daftari la chama, ili wajukuu wasiulize ulizo hili upya.