Hyrax Hill: Mashimo yaliyodhaniwa kuwa nyumba

Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi walioishi kwenye miamba yake, ni kituo cha akiolojia kilichoko kilomita nne hivi kutoka mjini Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Mary Leakey alifukua mabaki hapo mwaka 1937 na 1938, na mwaka 1943 pakatangazwa kuwa turathi ya kitaifa.

Mgeni huonyeshwa makaburi ya kale, mbao za bao zilizochongwa mwambani, na mashimo ya mviringo yanayohusishwa na Wasirikwa. Awali mashimo hayo yalidhaniwa kuwa nyumba. Utafiti wa baadaye, hasa wa John Sutton, ulibainisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Nyumba zilijengwa ubavuni, na lango likaelekea chini ya mteremko. Samadi iliyozolewa ililundikwa nje ya lango, na lundo lake lingali linaonekana.

Hivyo basi, lionekanalo kama shimo tupu ni kumbukumbu ya wafugaji na jinsi walivyoilinda mifugo yao. Kingo zake hubomoka zikikanyagwa. Mzuru hana budi kufuata njia iliyowekwa.