Picha Iliyochorwa kwa Ajili ya Wagonjwa

Mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Ujerumani, uko mji uitwao Colmar. Si mji mkubwa: wakaaji wake ni karibu 70,000 tu. Hata hivyo watu hutoka nchi za mbali kwenda kuona muzeo wake, maana yake nyumba ambamo watu wote huingia kutazama picha na kazi za mikono za zamani. Muzeo huo huitwa Unterlinden. Zamani ilikuwa nyumba ya masista wa Mtakatifu Dominiko, iliyoanzishwa katika karne ya 13. Na kitu ambacho wageni huulizia kwanza ni picha za altare ya Isenheim.

Msomaji, ukifika mbele ya picha hizo utashtuka. Bwana Yesu yuko msalabani, mkubwa kupita wote waliosimama chini yake. Ngozi yake imeingia rangi ya kijani, kama ya maiti. Mwili mzima umejaa vidonda, na miiba imebaki ndani ya nyama. Vidole vyake vimekakamaa. Je, mchoraji alitaka kututisha? Hapana. Ili tumwelewe, yafaa tujue kwanza alichora kwa ajili ya nani.

Isenheim ni kijiji, kusini ya Colmar. Huko palikuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Antoni. Si Antoni wa Padua, bali yule wa kale aliyeishi jangwani Misri. Shirika lao lilianza Ufaransa mwisho wa karne ya 11. Kazi yao kubwa ilikuwa kutunza watu wenye ugonjwa wa kutisha ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Mgonjwa alisikia mikono na miguu ikiwaka kama imetiwa motoni. Kisha viungo viligeuka vyeusi kama makaa, vikaoza, hata vikakatika.

Siku zile watu hawakujua asili ya ugonjwa huo. Leo twaijua: ulitoka katika mkate. Maskini walikula mkate wa nafaka ambayo Wafransa huiita seigle. Miaka ya mvua nyingi, kuvu nyeusi iliota katika masuke, ikasagwa pamoja na unga. Sumu yake hukaza mishipa, damu isifike katika vidole na miguu. Msomaji wa Kongo asishangae. Hata kwetu, katika nchi ya Kwango, ugonjwa wa konzo hupoozesha miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Njaa humlazimisha maskini kula kitu kitakachomwumiza.

Watawa waliwapokea wagonjwa, wakawapa mkate mzuri wa ngano na dawa za majani. Viungo vilivyooza vilikatwa. Bila kujua, kwa ule mkate mzuri walikuwa wanaondoa chanzo chenyewe cha ugonjwa. Lakini mkubwa wao, Guido Guersi, aliona kwamba mkate na kisu havitoshi. Akamwita mchoraji Mjerumani, Mathis, ambaye leo tunamwita Grünewald. Karibu na miaka 1512 hadi 1516 huyu alichora mbao kubwa za kuzunguka sanamu zilizokuwa zimechongwa tayari kwa altare ile.

Wagonjwa waliletwa mbele yake. Walimwona Mkombozi mwenye vidonda kama wao. Mbao zile zilifunguka kama milango. Zikifunguliwa, walimwona Bikira Maria na Mtoto, malaika wakipiga vinanda, na Yesu akifufuka: ngozi yake safi, vidonda vyote vimetoweka isipokuwa vile vitano vitukufu. Zikifunguliwa mara ya pili, walimwona Mtakatifu Antoni mwenyewe. Katika picha moja mashetani wanampiga, na pembeni ameketi mtu aliyevimba, amejaa majipu. Tena kipo kikaratasi kilichochorwa chini, ambamo mtakatifu anamwuliza Yesu alikuwa wapi wakati ule wa mateso. Ndilo swali la kila mgonjwa asiyepata usingizi. Watawa hawakuogopa kuliweka juu ya altare.

Basi, picha hizo zilifikaje katika muzeo? Mapinduzi ya Ufaransa yaliwaondoa watawa. Mwaka 1792 mbao na sanamu zilihamishiwa Colmar zisiharibiwe; sehemu ya juu iliyochongwa kwa ufundi mwingi ilipotea. Mwaka 1847 wenyeji wa Colmar waliunda chama cha kutunza kazi za namna hiyo, na mwaka 1853 muzeo ukafunguliwa. Mwaka 1917, wakati wa vita, Wajerumani waliokuwa wakitawala jimbo lile walizipeleka Munich. Nchi ilikuwa imejaa vilema na wafiwa. Watu wakamiminika kuzitazama kama waendao hija. Mwaka 1919 zikarudi Colmar.

Wako wanaolalamika kwamba altare imekuwa kitu cha kutazamwa tu. Misa haisomwi tena mbele yake, wala wagonjwa hawaletwi. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini bila raia wale wa Colmar, labda mbao hizo zingekuwa kuni. Muzeo waweza kuzilinda na mvua, wadudu na wezi. Kitu kimoja hauwezi: kumpa mtazamaji macho ya mgonjwa wa Isenheim. Asiyejua habari za mkate wenye sumu ataona mwili wa kutisha, kisha atapita. Anayezijua ataona kwamba Mungu alikubali kufanana na mtu anayeoza, ambaye hata ndugu zake walimkimbia.

Nasi katika parokia zetu tuna misalaba na sanamu zilizochongwa na wazee wetu. Nani aliichonga ile ya kwenu? Aliichonga mwaka gani, kwa shida gani au kwa shukrani gani? Wazee wanaojua wangali hai mahali pengine. Tuwaulize, tuandike majibu katika daftari la parokia. Mti waweza kudumu miaka 500. Habari zake, zisipoandikwa, huzikwa pamoja na mzee wa mwisho aliyezijua.