Bi Hafsa na Shamba la Wakfu

Wengi tunamjua Bi Hafsa (r.a.) kwa kutunza Msahafu. Tumjue pia kama msimamizi wa shamba.

Baba yake, Sayyidna Umar (r.a.), alipata ardhi nzuri Khaybar. Akamtaka shauri Mtume (s.a.w.), kisha akaiweka wakfu: isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Mazao yakawa ya maskini, jamaa, wasafiri na wageni. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema, si kujilimbikizia mali.

Nani alikabidhiwa baada yake? Imo katika Sunan Abu Dawud: Hafsa, kisha wenye busara katika jamaa zake.

Dada, ukichaguliwa kwenye kamati ya shamba la jamii, usiseme ni kazi ya wanaume. Ni amana. Shika daftari, simamia haki.