Lisemwalo Huenda Lipo: Tetesi na Ushahidi Kati ya Fort Worth na Dallas

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii humfaa anayejihadhari na masaibu, lakini haimfai mhariri, ambaye hubeba dhamana ya kila neno alilochapa, litimie lisitimie. Ukanda wa Dallas na Fort Worth, Texas, umelipima jambo hili kwa miaka mingi kupitia biashara ya michezo ya kompyuta. Katika kitongoji cha Mesquite ndiko kampuni ya id Software ilikotengeneza mchezo wa Doom mwaka 1993, na kutokana na mafanikio hayo yakazaliwa makampuni mengine yenye fedha nyingi, siri nyingi na wafanyakazi wenye manung'uniko waliokuwa tayari kuzitoa siri hizo bila kutajwa. Historia yao inaonyesha kwamba kumficha mtoa habari si kosa la kimaadili. Kosa ni kuliacha neno lake lisimame peke yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ion Storm, iliyoanzishwa mwaka 1996 na John Romero, mmoja wa waundaji wa Doom, na wenzake, ikapanga ofisi katika ghorofa za juu kabisa za jengo refu katikati ya Dallas kwa fedha za kampuni ya Eidos ya Uingereza. Mchezo wake, Daikatana, uliahidiwa kutoka Krismasi ya 1997. Ulitoka mwaka 2000. Katika miaka hiyo, majarida mengi ya michezo yaliendelea kuupamba. Hilo halikuwa ajabu, kwani yaliishi kwa matangazo ya makampuni hayohayo na kwa fursa ya kuonyeshwa michezo kabla haijauzwa. Novemba 1998 sehemu kubwa ya timu ya Daikatana iliondoka kwa pamoja. Januari 1999 gazeti la kila wiki la mjini, Dallas Observer, likachapa makala ndefu ya Christine Biederman iliyofichua ugomvi wa ndani, na sehemu ya ushahidi wake ilikuwa barua pepe za kampuni yenyewe. Gazeti hilo lilizoea kuandika habari za siasa na mambo ya jiji. Halikuwa na mchezo wa kuonyeshwa mapema wala tangazo la Daikatana la kulilinda, na ndiyo maana liliweza kuandika yale ambayo majarida mengi ya fani yaliyanyamazia.

Mtu atapinga kwamba aliyeondoka kwa hasira ana sababu ya kumchafua aliyemwacha, na kujificha kunampa nafasi ya kulipiza kisasi bila gharama. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linapinga ushuhuda mtupu, si maandishi. Barua pepe iliyoandikwa na kiongozi haigeuki kuwa uongo kwa sababu aliyeitoa ana kinyongo. Kazi ya mwandishi ni kuthibitisha kuwa ni halisi, kuisoma katika muktadha wake na kumpa mtuhumiwa nafasi ya kujibu. Mwingine atasema habari kama hizi zinaharibu riziki za watu. Fort Worth ilikuwa na jibu tangu zamani. Gazeti la Star-Telegram lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1985 kwa habari za Mark Thompson kuhusu kasoro katika helikopta za Bell, mwajiri mkubwa wa eneo hilo. Wanajeshi karibu 250 walikuwa wamekufa kutokana na kasoro hizo, na jeshi likazizuia kuruka helikopta karibu 600 za Bell aina ya Huey. Mchezo uliochelewa haulingani na vifo, lakini kanuni ni moja: riziki haihifadhiwi kwa kuficha kasoro.

Hata hivyo, tetesi yenye kiini cha kweli inaweza kukosea ukubwa wa jambo. Kampuni ya 3D Realms ya Garland, karibu na Dallas, ilitangaza mchezo wa Duke Nukem Forever mwaka 1997. Mei 2009 tovuti ya Shacknews, ikimtegemea mtu asiyetajwa, iliripoti kwamba kampuni inafungwa. Ni kweli kwamba timu ya mchezo huo iliachishwa kazi, lakini baadaye mwezi huohuo 3D Realms ilitoa taarifa kuwa haijafungwa na haitafungwa. Mtoa habari mmoja, hata awe mwaminifu, huona chumba alichomo tu. Kupima nyumba nzima ni kazi ya mwandishi, kwa shahidi wa pili na kwa hati.

Wanaodhani ahadi ya kutomtaja mtu ni hila ya kukwepa uwajibikaji wamtazame Vanessa Leggett wa Houston, aliyekaa kizuizini siku 168 kuanzia Julai 2001 kwa kukataa kuwakabidhi wachunguzi wa serikali kuu maandishi yake kuhusu kesi ya mauaji. Mei 2009, mwezi uleule wa habari za Duke Nukem, Gavana Rick Perry alitia saini sheria ya Texas inayowapa waandishi kinga yenye mipaka dhidi ya kulazimishwa kutaja vyanzo. Kinga hiyo ina thamani pale tu mwandishi anapokuwa ametimiza sehemu yake. Anayemficha mtoa habari amejitwisha mzigo wa kuthibitisha alichoambiwa, na mhariri asiyeuona ushahidi wa kubeba mzigo huo aizuie habari mpaka auone.