Nauli ya Peso 30 Iliyolipwa kwa Macho



Mwezi huu kwenye makala zetu za historia tumeamua kuongelea nauli. Ndiyo, nauli ya kawaida tu, ile ambayo konda anakugongea dirisha akiidai. Swali letu ni moja: mtu akipanda bila kulipa, dola ina haki ya kumfanya nini? Imtoze faini? Imshushe? Impige? Imfyatulie risasi?

Tumechagua Chile, mwaka 2019. Ni nchi ya mbali, huko Amerika ya Kusini, watu wake wanaongea Kihispania, na wengi wetu hatuijui zaidi ya mpira. Lakini pale swali hili lilijibiwa kwa nguvu, mbele ya dunia nzima, na gharama yake bado wanailipa mpaka leo.

Tuanze na pesa. Tarehe 6 Oktoba 2019, nauli ya metro katika jiji la Santiago ilipanda kwa peso 30 kwenye saa za msongamano, kutoka 800 hadi 830. Metro ni treni ya mjini, sehemu kubwa inapita chini ya ardhi. Nyongeza hiyo ni kama senti 4 za dola. Ukisikia hivyo unasema, jamani, watu waliandamana kwa senti 4?

Hebu tupige hesabu. Mwaka ule kima cha chini cha mshahara Chile kilikuwa peso 301,000 kwa mwezi. Mfanyakazi anayepanda metro mara 2 kwa siku, siku 22 za kazi, saa za msongamano, analipa peso 36,520. Hiyo ni karibu sehemu moja ya nane ya mshahara wake, imeisha njiani kabla hajanunua mkate. Zile peso 30 peke yake zilikuwa chini ya dola 2 kwa mwezi. Ila zilikuja juu ya mzigo uliokuwepo tayari: maji ya kampuni binafsi, pensheni ndogo, madeni ya shule, foleni za hospitali. Waziri wa uchumi alipoulizwa, alisema anayeamka mapema atapata nafuu, kwa kuwa alfajiri nauli iko chini. Hebu fikiria mama anayeamka saa kumi usiku kila siku anaambiwa aamke mapema zaidi!

Siku moja baada ya nauli kupanda, wanafunzi wa sekondari walianza kuruka mageti ya tiketi. Waliingia stesheni kwa makundi, wanaimba, wanaruka, na wengine wanawashikilia wazee geti wapite bure. Na hapa kuna jambo ambalo ukilikosa hutaielewa hadithi yote: nauli ya wanafunzi haikuwa imepanda. Walikuwa na bei yao ya punguzo, na ile ilibaki vilevile. Kwa maana nyingine, waliruka geti kwa ajili ya wazazi wao. Kuwaita wezi wa nauli tu ni kusimulia nusu ya habari.

Nao hawakuwa wa kwanza. Agosti 1949 nauli ya mabasi Santiago ilipandishwa kwa sarafu moja ndogo ya senti 20, ambayo watu wa mtaani waliiita chaucha. Wanafunzi na wafanyakazi waliingia barabarani, dola ikatumia nguvu, watu wakafa, halafu nyongeza ikafutwa. Mwaka 1957 mambo yalijirudia. Maandamano yalianzia mji wa bandari wa Valparaíso, yakafika Santiago, na mwanzoni mwa Aprili jeshi likatolewa. Watu wapatao 20 walikufa. Kwa hiyo serikali ya 2019 ilikuwa na kitabu cha historia mezani. Haikukifungua.

Ilifanya nini badala yake? Ilipeleka Carabineros, polisi wa Chile wenye mfumo wa kijeshi, kulinda mageti ya tiketi. Vijana waliovaa sare za shule walikutana na virungu na mabomu ya machozi ndani ya stesheni za metro, mahali ambapo gesi haina pa kutokea. Na kila video ya mwanafunzi anayeburutwa ilizaa kundi jingine la kuruka geti kesho yake.

Ijumaa tarehe 18 Oktoba ndipo maji yalipozidi unga. Metro ilianza kufunga stesheni, kisha njia nzima, na jioni mtandao wote ukawa umefungwa. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walijikuta barabarani, hawana usafiri, wanatembea masaa kurudi nyumbani. Watu ambao hawajawahi kuruka geti lolote sasa walikuwa mtaani wamechoka na wana hasira. Serikali ikatangaza kwamba wanaofanya fujo watashtakiwa kwa Sheria ya Usalama wa Dola. Usiku ule sufuria zilipigwa kwenye madirisha, stesheni zikaungua, maduka yakaporwa, na kabla ya alfajiri Rais Sebastián Piñera akatangaza hali ya hatari. Wanajeshi wakaingia mitaani. Kafyu ikafuata. Katika nchi iliyokaa chini ya udikteta wa Pinochet kuanzia 1973 hadi 1990, kuona wanajeshi barabarani halikuwa jambo dogo.

Tarehe 19 Rais akatangaza kusimamisha ile nyongeza. Peso 30 zikarudi. Lakini tarehe 20 akasema nchi iko vitani na adui mwenye nguvu. Sasa vita na nani? Watu walijibu kwa maneno yaliyoandikwa kila ukuta: si peso 30, ni miaka 30. Walimaanisha miaka yote tangu udikteta uishe, ambamo waliambiwa wasubiri. Tarehe 25 Oktoba watu zaidi ya milioni 1 walijaa katikati ya Santiago.

Sasa tuje kwenye macho.

Carabineros walitumia bunduki zinazorusha marisau, yaani gololi ndogo nyingi kwa mpigo mmoja. Umma uliambiwa ni za mpira. Novemba 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chile walizipima na kukuta mpira ni asilimia 20 tu. Zilizobaki zilikuwa madini magumu, pamoja na risasi ile ya metali. Siku chache baadaye mkuu wa polisi akazuia matumizi yake kwenye maandamano. Lakini mpaka hapo hasara ilishatokea. Taasisi ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Chile ilihesabu watu zaidi ya 400 walioumizwa macho katika miezi ile.

Tarehe 8 Novemba, mwanafunzi wa saikolojia mwenye miaka 21, Gustavo Gatica, alipigwa marisau machoni na kupofuka macho yote mawili. Tarehe 26 Novemba, Fabiola Campillai alitoka nyumbani kwake San Bernardo kwenda kazi ya zamu ya usiku kiwandani. Hakuwa akiandamana. Alikuwa anasubiri usafiri wa kazini. Bomu la machozi lilimpiga usoni moja kwa moja. Akapoteza kuona, kunusa na kuonja. Mwaka 2021 wananchi walimchagua kuwa seneta, na mwaka 2022 mahakama ikamhukumu polisi aliyefyatua kifungo cha zaidi ya miaka 12.

Na kuna mmoja ambaye sisi hasa hatupaswi kumsahau. Romario Veloz, kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Ekuado aliyekuwa akiishi Chile. Aliuawa kwa risasi ya wanajeshi tarehe 20 Oktoba mjini La Serena, kilomita mamia kutoka Santiago, mji usio na metro wala geti la tiketi. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, kama sisi. Nguvu iliyoanza kwa kulinda nauli ilimfikia hata yeye.

Tusipunje ukweli. Watu zaidi ya 30 walikufa katika siku zile, na si wote waliuawa na dola. Wengi walikutwa ndani ya maduka yaliyoungua. Stesheni zaidi ya 70 kati ya 136 ziliharibiwa, na walioumia zaidi kwa hilo ni maskini wa pembezoni, ambao kwa miezi hawakuwa na treni. Polisi wengi nao walijeruhiwa. Na ni kweli kwamba treni haiendeshwi kwa maombi. Bila nauli au kodi, hakuna metro. Kwa hiyo hatusemi kuruka geti ni jambo jema. Tunasema lina ukubwa wake. Ni deni. Deni la peso 830 linalipwa kwa faini. Ukilipeleka kwa mtu mwenye bunduki, halibaki kuwa deni la peso 830.

Wala msidhani hayo hutokea kwenye machafuko tu. Tarehe 15 Septemba 2024, New York, Marekani, siku ya kawaida ya Jumapili, polisi wawili walimfuata mtu aliyeingia stesheni ya Sutter Avenue huko Brooklyn bila kulipa. Nauli ilikuwa dola 2.90. Polisi walisema alikuwa na kisu na aliwaelekea. Bastola za umeme hazikumzuia, basi wakafyatua risasi. Waliopigwa ni wanne: yeye mwenyewe, polisi mmoja, na abiria wawili waliokuwa pale. Mmoja wa abiria hao, mwanaume aliyekuwa safarini kwenda kazini, alipigwa kichwani. Kisu ni hatari, hakuna anayebisha. Ila safari ile ilianza na dola 2.90, na palikuwa na nafasi nyingi za kusimama kabla ya kufika kwenye risasi.

Hapa ndipo sheria inapotusaidia. Mwaka 1990, huko Havana, Cuba, kikao cha Umoja wa Mataifa kilipitisha kanuni za msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha kwa maofisa wa usalama. Kwa lugha ya kwetu zinasema hivi: njia zisizo za nguvu zitangulie; nguvu ikilazimika, ilingane na kosa na lengo; na bunduki ni kwa ajili ya kuokoa uhai, sio kuokoa mali. Ujumbe wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa uliokwenda Chile uliandika Desemba 2019 kwamba polisi walikuwa wametumia nguvu kupita kiasi na isiyo ya lazima. Pima peso 30 kwenye mizani hiyo.

Kwetu sisi wakimbizi, maneno "kosa dogo" hayana udogo. Raia akikamatwa bila tiketi, anatoa faini au anapigiwa simu ndugu. Sisi kabla ya tiketi tunaulizwa karatasi. Karatasi imeisha muda? Basi tayari ni kesi nyingine. Ndiyo maana wengi wetu tunatembea kwa mguu hata pale ambapo nauli ipo mfukoni. Tunaogopa kinachofuata baada ya ubishi na konda, sio konda mwenyewe.

Na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, hili lina sehemu yenu. Kwenye bajeti nauli huwa mstari wa mwisho, na ukitakiwa kupunguza kitu ndiyo huanza kukatwa. Kijana anaalikwa mafunzo mjini, anaambiwa nauli "mtajitegemea". Mama ana rufaa ya hospitali lakini hana njia ya kufika. Chile inatufundisha kwamba anayepanga bei ya njia akiwa hajawahi kuitembea kwa mguu ataiona ndogo siku zote.

Mwisho wa ile hadithi? Oktoba 2020 Wachile walipiga kura, karibu asilimia 78 wakataka katiba mpya. Halafu rasimu ya kwanza ikakataliwa mwaka 2022, na ya pili ikakataliwa mwaka 2023. Katiba ya tangu 1980, pamoja na marekebisho yake, bado ipo. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia kwamba vijana walishinda kila kitu. Nauli haikupanda wakati ule, na nchi ililazimika kuongea mambo iliyoyaficha miaka 30. Ila Gustavo na Fabiola hawaoni, na mama yake Romario alizika mtoto.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Aliyepandisha nauli alishuka ndani ya wiki mbili. Angeweza kushuka siku ya kwanza, kabla ya jicho la kwanza.

Kikao chetu kijacho tutaijadili makala hii. Kila mmoja aje na jibu la jambo moja: kwenye njia unayopita wewe, kutoka unapolala mpaka sokoni, shuleni au hospitali, nauli ni kiasi gani, na ni nani aliyeulizwa kabla haijapangwa?