Bei ya Maharage na Bei ya Matibabu

Katika soko la Kabuga, mashariki ya jiji la Kigali, mnunuzi akiona bei ya maharage imepanda huweza kuondoka na kurudi kesho. Mgonjwa wa malaria hana kesho hiyo. Tena hajui anunue dawa gani. Muuzaji ndiye anayemwambia. Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, alilieleza jambo hilo tangu mwaka 1963.

Rwanda ililijua kwa gharama. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, matibabu yalitolewa bure. Mwaka 1996 malipo yakarudishwa. Kanuni ya soko ikatimia barabara: bei ilipanda, wateja wakapungua. Maradhi, bila shaka, hayakupungua.

Mwaka 1999 Serikali ikajaribu bima ya ushirika katika wilaya za Byumba, Kabgayi na Kabutare. Kaya ya watu hadi saba ilichanga faranga 2,500 kwa mwaka, na waliojiunga wakaenda kutibiwa mara nyingi zaidi kuliko wasiojiunga. Hata hivyo, mchango wa namna moja humlemea maskini. Ndipo mwaka 2011 ukapangwa kwa ngazi: faranga 7,000 kwa wenye nacho, 3,000 kwa walio kati, na zile 2,000 za fukara zikalipwa na Serikali pamoja na wafadhili.